Bomba la Mvuke na Mwaka wa Chenga

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula chenga. Hapa Ifakara mtu mzima hatakuuliza ni mwaka gani. Asubuhi uji wa chenga, mchana chenga na mlenda, jioni chenga na dagaa, na Jumapili, kwa heshima ya Bwana, chenga na samaki kitoga. Sisi watu wa mpunga, ambao mgeni akila kwetu hurudi kwao akausifu wali wetu mpaka anachosha watu, tulikula msimu mzima vile vipande vya mchele uliokatika tulivyozoea kuwamwagia kuku. Kuku wenyewe walikuwa wanatuangalia vibaya.

Na mwaka huo ilikuwepo harusi iliyopikiwa pilau la chenga. Mpaka leo wapo watakaokuambia kosa lilikuwa langu. Nitafika huko, msinikimbize.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kushika spana. Viktoria, mjukuu wangu, anasoma mambo ya bomba chuoni. Amenikalisha kitako akasema, bibi, ukisimulia tunacheka, halafu tukifika chuoni tumesahau yote, afadhali uandike. Mimi shule niliishia darasa la nne. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama barabara ya kwenda Mlimba wakati wa mvua. Lakini bomba nililolifunga mimi halipandi na kushuka ovyo, na hilo ndilo nitakalowaeleza.

Mkisikia fundi bomba mnafikiria choo. Mimi choo sijafunga, hata cha kwangu alifunga mtu mwingine na kinavuja. Nilifunga mabomba ya mvuke katika kiwanda kimoja cha mpunga hapa mjini. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpunga ukija mbichi huwezi kuukoboa, lazima ukauke kwanza, na jua letu mnalijua, likitaka linakuja, lisipotaka halijali. Kwa hiyo kuna boila, linachomwa pumba za mpunga wenyewe, linachemsha maji, maji yanakuwa mvuke. Mvuke unasafiri kwenye bomba hadi kwenye sanduku kubwa la bati, refu kuliko mtu. Ndani ya sanduku kuna koili, yaani mabomba membamba yaliyokunjwa na kukunjwa kama utumbo wa mbuzi. Feni inavuta hewa ya nje, inaipitisha katikati ya koili, hewa inatoka upande wa pili ina joto, inaingia chini ya mpunga na kuukausha.

Mvuke haugusi mpunga hata kidogo. Unaacha joto lake ndani ya koili, halafu wenyewe unageuka maji. Hapo pa kugeuka maji ndipo ilipo kazi yote. Mvuke unajua kwenda peke yake. Maji ndiyo mzee, lazima umtengenezee njia ya kutokea.

Aliyenifundisha ni Mzee Kanisius, mtu wa kutoka Mahenge, Mungu amrehemu. Ngozi ya shingo yake ilikuwa imekunjamana kama utando unaokaa juu ya maziwa yaliyochemka. Hakuweza kugeuza kichwa bila kugeuza na mabega, kwa hiyo ukimwita alikugeukia mwili mzima, kama mlango. Mvuke ulimfanya hivyo ujanani, huko alikotoka kabla ya kuja kwetu. Hakupenda kusimulia. Ukimuuliza alisema, "Kulikuwa na maji mahali ambapo mtu alisema hakuna."

Mimi nilikuwa nafagia pumba. Siku moja nikapita karibu na bomba kubwa nikamwambia, shikamoo mzee, bomba lako linakohoa. Akaitikia marahaba, akanigeukia mwili mzima, akaniuliza nimesikia wapi. Nikamwambia nimelea watoto wa kwangu na wa dada zangu, kikohozi cha kamasi na kikohozi cha kifua navijua, na hiki ni cha kifua. Akaweka sikio. Kweli, ndani kwa mbali, tok, tok, tok. Maji yalikuwa yamelala kwenye bomba na mvuke unayapiga teke. Kesho yake nilipewa spana ya bomba nzito kama mguu wa ng'ombe, na fagio likaenda kwa mtu mwingine. Wanaume wa karakana walisema Mzee Kanisius amepata mke mdogo. Nikawajibu nimekubali, lakini mahari yangu ni wao wabebe mabomba na mimi nishike spana. Tukaenda hivyo, na wengine wao nimewazika wakiwa rafiki zangu.

Sasa niwape alichonipa, bila mpangilio, kama nilivyopewa.

Ukichukua mvuke kutoka bomba kubwa kupeleka kwenye sanduku, toboa mgongoni, usitoboe tumboni. Maji na kutu vinatembea chini, mvuke mkavu unatembea juu. Mwanamke anayejua kupakua anajua hilo. Mafuta ya mchuzi huyachoti kwa kukwangua chini ya sufuria.

Kabla ya valvu, ile ya kufungia na kufungulia mvuke, acha mfuko wa kuangukia, kipande cha bomba kinachoning'inia chini na koki yake, maji yaliyochoka njiani yaanguke humo. Usipoweka, yatakusanyika nyuma ya valvu yakikusubiri. Ukifungua, yanakuja yote pamoja kama wageni wa msiba.

Bomba literemke kule mvuke unakokwenda. Usilinyanyue literemke kurudi boila, eti maji yarudi kwao. Yakirudi yanapigana na mvuke unaokuja, na njia ni moja. Kupima mteremko tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji, kama wa waashi. Leo mnavyo vile vya kumulika mstari mwekundu ukutani. Ni vizuri. Msiudharau mpira lakini, hauishiwi chaji.

Bomba likipata moto linarefuka. Hili Mzee Kanisius alinisimulia akicheka peke yake. Alipokuwa fundi mchanga alifunga bomba refu kwa waya, kila nguzo akakaza, akajisifu halitatikisika. Walipofungua mvuke bomba likakosa pa kurefukia, likasukuma mwisho wake, likatoboa ukuta wa ofisi. Meneja wa huko alikuwa anakunywa chai, akaona bomba linaingia polepole. Mzee aliniambia, "Lilibisha hodi, ila halikungoja karibu." Kwa hiyo acha mkunjo njiani, bomba lipate pa kujinyoosha, na pale linapokalia liteleze. Usilifunge kama mbuzi.

Halafu lile tundu dogo la hewa juu ya koili. Vijana wengi wanaliona kama pambo. Chukua dumu la mafuta ya kula, toboa tundu moja, mimina. Linatoa kwa kusitasita, gluku gluku. Toboa la pili upande wa juu, mafuta yanashuka kama uzi. Koili ni dumu. Mvuke ukipungua ndani, koili linajinyonya lenyewe na maji hayatoki, mpaka lipate hewa ya kupumulia. Mama yenu anapotoboa dumu mara mbili anafanya kazi ya fundi, mwambieni.

Na trapu. Trapu ni lile jichuma linaloachia maji yatoke na kuuzuia mvuke usitoke. Liweke chini ya koili, chini kabisa, umbali wa mkono mzima ukiweza, maji yaangukie humo kwa uzito wake. Kuna siku mvuke ni mdogo na hauna nguvu ya kuyasukuma. Maji yasiyosukumwa yanataka kuteremka tu, kama mtu aliyeshiba.

Zamani viungo tulivikaza kwa nyuzi za katani na rangi. Siku hizi ni tepu nyeupe, na ninyi mnaizungusha kinyume mpaka ukikaza bomba inatoka nje kama soksi iliyoteremka. Kujua kama bomba lina moto tulitemea mate. Siku hizi mnamulika kwa kidude mnasoma namba. Hapo nawavulia kilemba. Mate yangu hayakuhitaji betri, lakini vidole vyangu vyote vimewahi kuungua.

Kitu kimoja hakijabadilika. Unafungua valvu polepole, umesimama pembeni, kama unavyofungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Na kabla ya kuigusa, unafungua koki ya chini na kuhakikisha maji yaliyolala yametoka. Ukiyakuta hayajatoka, ukafungua, mvuke unayanyanyua yote kwa pamoja na kuyarusha kwenye kona ya kwanza ya bomba, na maji yakikimbizwa na mvuke si maji tena, ni nyundo. Kona inapasuka. Aliye karibu na kona anapata shingo ya Mzee Kanisius, akiwa na bahati.

Basi, sasa mwaka wa chenga.

Mvua ile ilikataa kuondoka. Wakati wa kuvuna bado ilikuwa inanyesha, mpunga ukalala majini, mwingine ukaanza kuota ukiwa bado kwenye masuke. Watu wakavuna hivyo hivyo, mbichi, wakauleta kiwandani kwa matrekta na kwa bodaboda. Uwanja ukajaa. Mpunga mbichi ukiurundika unajipikia wenyewe. Ukitia mkono katikati ya gunia unasikia joto kama tumbo la kuku anayeatamia. Ukikaa siku mbili unageuka njano, na ukija kuukoboa unakatika vipande.

Katika hao waliokuja alikuwepo Melania, mdogo wangu, tumbo moja. Ameolewa Mchombe. Alikuja na mpunga wa harusi ya Deo, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa anaoa Jumamosi ya wiki hiyo binti wa Sanje. Mpunga wote wa kulisha ukwe ulikuwa kwenye magunia yale. Alichagua mahali pazuri, chini ya upenu wa paa, akiegemea ukuta wa chumba chenye sanduku letu la hewa, kwa sababu ukuta ule una joto. Nilimpelekea chai. Akanitania kwamba dada mtu ana boila zima lakini chai yake imepoa.

Asubuhi hiyo umeme ukakatika. Feni ikasimama. Feni ikisimama unafunga mvuke, ni sheria, la sivyo unaunguza kila kitu kilichomo sandukuni. Nikafunga. Ile valvu ilikuwa kuukuu, haikubana sawasawa, ilipitisha mvuke kidogo kidogo, nami nililijua hilo na tulikuwa tumeshaomba nyingine. Masanja, Msukuma aliyekuwa anachoma pumba kwenye boila, akapunguza moto. Tukakaa.

Umeme ulirudi mchana. Uwanja mzima ukapiga makofi. Feni ikaanza kuvuma, Masanja akapandisha moto, nikaenda kufungua.

Nikaanza na koki ya chini, kama kawaida. Baada ya kimya kirefu namna ile, na valvu inayopitisha, maji yalipaswa kuwa mengi, uyasikie yanakwenda kwenye bomba la kutokea kama ng'ombe anayekojoa. Nikafungua. Kimya. Nikafungua zaidi. Kimya. Bomba la kutokea, linalopokea maji ya koki na ya trapu, lilikuwa linapita ukutani na kumwagia nje, chini kabisa, usawa wa ardhi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupatazama. Nikamtuma Masanja azunguke nje aangalie. Akarudi akasema nje pamejaa watu na magunia, na maji hajayaona.

Nikaweka mkono kwenye koili. Juu moto, chini vuguvugu. Wajukuu zangu, koili la namna hiyo limejaa. Moto ni mvuke, vuguvugu ni maji yaliyolala. Na kona ya kwanza baada ya koili ilikuwa kwenye ukuta uleule aliouegemea Melania.

Meneja akaja. Alikuwa kijana wa watu, ana adabu, na kazi aliisoma akaielewa. Msitegemee niwaambie alikuwa mjinga, hakuwa. Aligusa koili pale nilipogusa mimi. Halafu akasema, "Mama Bene, wale watu nje wamekaa tangu jana. Ukiniambia hapana, nitatoka nikawaambie hapana, na nitakula matusi yao. Lakini niambie wewe, kwa mdomo wako."

Nikamwambia, "Sifungui. Maji hayajatoka."

Akatoka. Nilisikia kelele za nje zikipanda, na sauti yake katikati haikupanda. Kwa hilo nilimheshimu mpaka alipohamishwa.

Mimi na Masanja tukaanza kulifungua trapu, maana trapu ndilo linalolaumiwa kwanza. Bolti zimeshika kutu, chuma kina moto, huwezi kuharakisha. Kabla hatujamaliza hata ya kwanza, Melania akaingia. Hakuruhusiwa, lakini nani angemzuia. Kanga kiunoni, miguu imejaa tope.

"Dada, mpunga wa Deo unaiva kwenye gunia."

Nikamwambia najua.

"Jumamosi ni keshokutwa. Wakwe wanatoka Sanje na mikungu ya ndizi. Niwape nini, mvuke?"

Nikamwambia asubiri. Akasema amesubiri vya kutosha, akasema kama mama yetu angekuwa hai angenitemea mate, akasema mimi sikuolewa na mtu, nimeolewa na bomba, ndiyo maana sijui uchungu wa kumwozesha mtoto. Hapo alikosea. Watoto ninao, na baba yao alikuwa hai na anakula vizuri. Lakini mtu akiwa na uchungu hahesabu. Nikampa jibu lilelile nililompa meneja, neno kwa neno.

Akamgeukia Masanja. "Wewe ni mwanaume. Fungua hiyo kitu."

Masanja akatazama valvu, akatazama spana mkononi mwangu. "Mama, mimi nachoma pumba tu," akasema.

Nilimwona Melania anaitazama valvu yeye mwenyewe. Nikafungua nati ya juu, nikachomoa usukani wa valvu, nikauweka chini na kuukalia. Ulikuwa bado una moto. Niliukalia hivyo hivyo, nikiendelea kuhangaika na bolti. Melania akatoka, akaenda kukaa juu ya magunia yake upande wa pili wa ukuta, akaanza kunitukana kwa Kindamba, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo tulikaa hivyo, watoto wawili wa mama mmoja, ukuta katikati, mimi nimekalia usukani, yeye amekalia magunia.

Trapu tulilifungua. Ndani safi kama kijiko cha padre. Chujio lake safi. Maji kidogo yakamwagika hapo, halafu yakasita, maana koili halikuwa linapumua vizuri, tukalirudishia trapu, na kwa kuwa lenyewe lilikuwa safi tukajua kizuizi kiko mbele yake. Mvua ikaanza tena. Giza la mvua, si la usiku. Watu wakatupia maturubai juu ya magunia.

Nikasema basi, nitalifuata bomba kwa mkono. Hili nalo liandikeni. Usipojua tatizo liko wapi, acha kufikiri, weka kiganja kwenye bomba na utembee nalo hadi linapoishia. Nikatoka na kiganja ukutani, nikazunguka kona, nikainama, nikapitisha mkono chini ya turubai, nikafika kwenye magunia ya Melania.

"Inuka," nikamwambia.

"Siinuki."

"Melania, inuka."

Labda aliisikia sauti ya mama katika hiyo. Akainuka. Tukavuta gunia la chini, mimi na yeye, bila kutazamana. Mdomo wa bomba ulikuwa pale, na ndani ya mdomo gunzi la muhindi, limeviringishwa kitambaa na kugongomelewa kwa jiwe. Kitambaa kilikuwa cha kanga nyekundu yenye maua meusi. Nilitazama kitambaa, sikumtazama aliyevaa.

Nikamwambia asogee, nikawasogeza na wengine, nikasimama pembeni, nikalitoa kwa ncha ya spana. Maji yakatoka. Yalitoka, yakatoka, yana moshi, yakafika katikati ya uwanja, na watu wote waliokuwa wanapiga kelele wakanyanyua miguu yao kimya kimya. Nikalitia gunzi mfukoni. Meneja akaniuliza kimeziba nini. Nikasema panya. Akaona pindo la kanga linachungulia mfukoni mwangu, akauliza kama panya wa huku wanavaa kanga.

"Wa Mchombe wanavaa," nikasema.

Akacheka, akarudi ndani.

Sasa msimcheke Melania, maana wengi wenu mmekulia mjini hamjui. Sisi tumelelewa majarubani, kwenye vishamba vya mpunga vinavyozungushiwa tuta ili maji yasitoke. Mama yetu alitufundisha kwamba ukipita shambani ukakuta maji yanachuruzika kutoka kwenye jaruba la mtu, unaziba, hata kama ni la adui yako. Unaziba kwa tope, kwa mgomba, kwa gunzi, kwa chochote, halafu unaendelea na safari, na wala hungoji ahsante. Anayepita bila kuziba hana malezi. Melania alikaa pale umeme ulipokatika, akaona maji yanachuruzika kutoka ukutani, yanalowesha gunia lake na tena yanapotea bure. Alifanya alivyolelewa. Ningekuwa si fundi, ningeziba mimi, na kwa ustadi zaidi.

Tulikausha mpunga wake na wa wengine, kwa haraka kuliko ninavyopenda, maana ulikuwa umeshaiva. Mpunga uliolowa, ukapata joto, ukalowa tena, ukakaushwa kwa pupa, punje inapasuka ndani hata kabla ya kukobolewa. Mashine ikatema chenga. Bonde zima lilikuwa na chenga mwaka ule kwa sababu ya mvua, lakini mvua huwezi kuikuta sokoni ukaisema. Mimi nilikuwa napita sokoni kila siku. Wakaniita Bibi Chenga. Watoto wadogo kabisa, wasiojua hata boila ni nini, shikamoo Bibi Chenga.

Jumamosi Deo akaoa. Wanawake wa Sanje walipoona pilau walisimama na kuimba, wakicheza na mikungu yao kichwani, "Tumewaletea ndizi ndefu, mmetupa wali mfupi." Watu walicheka hadi machozi. Melania alicheza nao, akiwa mama wa bwana harusi afanyeje, lakini nilimwona uso. Nilikuwa jikoni nachochea moto. Ningeweza kulitoa gunzi mfukoni hapo hapo nikajitakasa. Nilichochea moto.

Hakuzungumza nami tangu siku ile hadi mavuno mengine yalipopita. Kanisani alikaa upande wa pili. Halafu Jumapili moja baada ya misa akaja kwangu, akanikuta napepeta, akakaa bila kukaribishwa. Akakunjua kanga yake nyekundu yenye maua meusi, pindo limechanika, akaitandaza mapajani mwangu. Akasema, "Niliona maji yanapotea, dada." Nikamwambia najua. Nikaingia ndani nikatoa kile kipande, tayari nimeshakifua, nikakishona pale pale akiwa anatazama. Gunzi nililiweka motoni tukachemshia chai. Ilikuwa ya moto, hakulalamika.

Lile bomba la kutokea nililihamisha mwenyewe. Nililileta mbele, juu ya ardhi, likamwagia kwenye beseni la saruji mahali kila mtu anapopita, nikalipaka rangi nyekundu. Watoto wa uwanjani waliliita bomba linalokojoa. Vizuri. Likinyamaza, hata mtoto atakuja kukuambia. Ninyi mkifunga la kwenu, msilifiche. Kisha tokeni nje mkawaambie wenye mpunga, kwa maneno mepesi, kwamba maji yale si ya kuziba. Sisi hatukuwahi kuwaambia. Tulidhani kila mtu anajua kwamba maji mengine yanatakiwa yapotee.

Melania ndiye aliyeniruhusu niandike haya, kwa sharti niseme mpunga wake kabla ya mvua ulikuwa mzuri kuliko wote uwanjani. Ulikuwa mzuri. Leo yuko hapa kibarazani kwangu, anachambua maharage, miguu inamuuma, na jina la Bibi Chenga amelirithi mjukuu wetu mmoja mnene asiye na kosa. Nimemsomea mpaka hapa. Ameendelea kuchambua. Halafu ameniuliza kitu ambacho miaka yote hakuwahi kuniuliza.

Amesema, "Dada, ungejua siku ile kwamba watakuimba sokoni, na mimi wataniimba harusini, na nitakaa msimu mzima sikusalimii. Ungejua yote hayo, halafu nikaingia pale mlangoni na tope langu miguuni, nikakuomba kwa ajili ya Deo. Ungefungua?"

Nimeweka kalamu chini, nikamtazama shingoni. Shingo ya Melania ni nyororo, ya mama yetu kabisa, ina mikunjo ya uzee peke yake, na kila Jumapili anaivalisha shanga.

"Sifungui," nimemwambia. "Maji hayajatoka."